Picha Ambayo Hakuna Aliyeiona: Kuzisoma Sura za Michezo ya Kwanza ya Video

Wahadhiri wenzangu, wanafunzi wa historia na wa sanaa, ndugu zetu wa kompyuta, na wazee wetu mliokaa hapa mbele: shikamooni, na asanteni kwa kufika.

Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa Pac-Man ya kuchezea nyumbani, kwenye televisheni ya sebuleni. Mtu yeyote aliyeucheza mchezo ule atakwambia kuwa vizuka waliomfukuza yule wa njano mwenye mdomo wazi walikuwa wanne. Leo ukiufungua mchezo uleule kwenye kompyuta, ukausimamisha na kuipiga picha skrini, utakuta kizuka mmoja. Piga picha nyingine, utakuta kizuka mmoja tena, pengine mahali pengine. Watatu waliobaki hawapo. Hawajajificha nyuma ya kuta za vichochoro vile, hawakuchorwa.

Mchezaji hasemi uongo, wala picha haijachakachuliwa. Mashine ile haikuwa na uwezo wa kuwachora vizuka wanne kwa mpigo. Kwa hiyo mwandishi wa programu, Tod Frye, aliwapa zamu: katika kila picha nne zilizotumwa kwenye kioo, kila kizuka alichorwa kwenye moja tu. Televisheni za Marekani zilionyesha picha 60 kwa sekunde, basi kila kizuka alipata mara 15. Mwanga uliokawia kwenye kioo na uzito wa jicho la binadamu vilimalizia kazi iliyobaki. Vizuka walipepesa, ndiyo, na wateja wengi walinung'unika, lakini walikuwa wanne.

Sasa fikirini kuhusu ile picha ya skrini yenye kizuka mmoja. Imetoka kwenye programu halisi, haina kasoro ya kiufundi, na unaweza kuichapisha kitabuni bila mtu kukushtaki. Hata hivyo hakuna mtoto hata mmoja aliyeiona mwaka 1982.

Hilo ndilo jambo nililokuja nalo leo. Picha ya mchezo wa zamani ilikuwa tukio lililofanyika kati ya mashine, kioo na jicho, na mara nyingi kati ya karatasi, plastiki na rangi vilivyoizunguka mashine. Mtafiti akichukua kipande kimoja tu na kukiita ndiyo picha, atatuandikia historia ya kitu ambacho hakikuwahi kuwapo.

Taaluma yetu bado ni changa. Jarida la Game Studies, moja ya majarida ya kwanza ya kitaaluma kushughulikia michezo ya kompyuta peke yake, lilianza mwaka 2001. Kabla ya hapo, na hata baada yake, kazi kubwa ya kukusanya ilifanywa na mashabiki: watu wa mitaani walionunua mashine zilizotupwa, wakazifungua, wakanakili yaliyomo. Tunawadai heshima kubwa. Lakini shabiki huhifadhi anachokipenda, na mara nyingi alichokipenda ni mchezo wenyewe, yaani programu. Vilivyoizunguka programu viliachwa vipotee. Mwaka 2009 Nick Montfort na Ian Bogost walitoa utafiti mzima juu ya mashine moja tu, Atari VCS, ileile iliyochezea Pac-Man ya sebuleni, wakionyesha jinsi vyuma na nyaya zake vilivyoamua nini kinaweza kuchorwa. Tangu hapo imekuwa vigumu kuzungumzia sura za michezo hii bila kufungua kifuniko cha mashine na kutazama ndani.

Basi tufungue.

Tarehe 18 Oktoba 1958, maabara ya Brookhaven, kisiwani Long Island katika jimbo la New York, ilikuwa na siku ya wageni. Mwanafizikia William Higinbotham aliona maonyesho ya miaka iliyotangulia yalikuwa ya kuchosha, picha na vifaa visivyosogea. Akaunganisha kompyuta ya analojia na oskiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, yenye kioo cha duara cha inchi 5. Mstari mmoja mlalo ulikuwa uwanja, kimstari kimoja wima kilikuwa wavu, na nukta iliyoruka huku na huku ilikuwa mpira wa tenisi. Watu walipanga foleni. Uwanja ule ulionekana kutoka ubavuni, kama unavyouona ukiwa umeketi kandokando ya wavu. Miaka 14 baadaye Pong ya Atari iliuonyesha mchezo kutoka juu, na mpira ukapoteza uzito wake: haudundi tena, unateleza. Kwa Higinbotham uzito ulikuwa ndio habari yenyewe. Kitabu cha maelezo cha kompyuta ile kilifundisha namna ya kuchora njia ya risasi, ya kombora na ya mpira unaodunda, maana hesabu zake ni za ukoo mmoja. Mwaka uliofuata aliwaonyesha wageni tenisi ikichezwa kwa mvutano wa Mwezi, kisha wa sayari ya Jupita.

Ni mtu aliyekuwa amefanya kazi Los Alamos kwenye elektroniki za bomu la kwanza la atomiki, kisha akawa miongoni mwa viongozi wa mwanzo wa wanasayansi waliopigania kuzuia silaha hizo zisienee. Sijui kama tunaweza kuitazama nukta ile bila kulikumbuka hilo. Mimi siwezi. Baada ya maonyesho, vifaa vilifumuliwa vikarudi kwenye kazi nyingine. Tunachokijua leo kinatokana na picha chache, michoro, na mfano uliojengwa upya na maabara ileile mwaka 1997.

Chuo cha MIT, mwaka 1962, kilipata mchezo wake: Spacewar!, ulioandikwa na Steve Russell na wenzake kwenye kompyuta ya PDP-1. Meli mbili za angani zinapigana kuzunguka nyota inayozivuta. Emuleta nyingi za leo, yaani programu zinazoiga mashine za zamani, zinauonyesha kwa nukta nyeupe kali juu ya weusi mtupu. Kioo cha PDP-1 hakikuwa hivyo. Kilipakwa fosfori ya aina ya P7, yenye tabaka mbili: nukta inapopigwa na elektroni inatoa mmweko wa buluu, halafu inabaki iking'aa kwa rangi ya njano ya kijani inayofifia polepole. Kwa hiyo meli iliyosogea iliacha mkia. Ungeweza kusoma ilikotoka, na ukakisia inakokwenda. Mkia huo haumo kwenye programu. Hakuna mstari hata mmoja wa msimbo unaouchora.

Na P7 ilitoka wapi? Ilitengenezwa kwa ajili ya rada, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ili askari aendelee kuiona ndege kwenye kioo baada ya mstari wa rada kuipita. Mtindo wa picha tunaouita wa kigemu, weusi wenye nukta zinazong'aa, uliletwa kwenye mchezo ukiwa umeshatumikia vita. Wanaosema michezo ya kwanza ilijaa anga na meli za roketi kwa sababu vijana wa wakati ule walipenda hadithi za anga wanasema kweli, na vijana wa MIT walizisoma kwa ulafi. Mimi naongeza sababu ya pili: kwenye kioo cha aina ile, weusi ni pale ambapo mashine haikufanya kazi yoyote. Anga la usiku lilikuwa mandhari pekee unayoweza kuipata bila kuichora.

Ila Peter Samson alilichora. Nyota za mwanzo za Spacewar! zilikuwa nukta zilizotupwa ovyo, naye hakuridhika. Akaandika programu iliyoweka nyota halisi, kila moja na mng'ao wake, ndani ya ukanda wa nyuzi 22.5 kaskazini na nyuzi 22.5 kusini mwa ikweta ya anga. Nawaomba mlitazame hilo kwa makini: ni ukanda uleule unaopita juu ya vichwa vyetu sisi tunaokaa karibu na Ikweta. Wanafunzi wa Massachusetts, kwenye baridi yao, walipigania vita vyao mbele ya nyota za wavuvi wa Kilwa na Lamu. Hakukusudia hivyo, lakini picha haingoji makusudi ya mchoraji ili iwe na maana kwa mtazamaji.

Nitakaa kidogo kwenye mashine inayofuata, kwa kuwa inanisumbua kuliko zote.

Ralph Baer alikimbia Ujerumani na wazazi wake mwaka 1938, akiwa kijana wa Kiyahudi, akawa mhandisi Marekani. Mwaka 1966 alianza kufikiria namna ya kuifanya televisheni ifanye jambo jingine zaidi ya kupokea vipindi. Kazi yake iliuzwa kuanzia mwaka 1972 kwa jina la Odyssey, na kampuni ya Magnavox. Ilikuwa mashine ya kwanza ya michezo ya video kuuzwa kwa ajili ya nyumbani. Haikuwa na kompyuta ndani, ilikuwa na transista na dayodi za kuhesabika. Iliweza kuonyesha miraba michache myeupe na mstari. Hakuna rangi, hakuna sauti, hakuna hesabu ya pointi.

Lakini fungua boksi lake. Ndani kuna plastiki nyembamba zilizochapishwa kwa rangi, za saizi mbili kulingana na ukubwa wa televisheni yako, za kubandika juu ya kioo zikashikwa na umeme tuli. Kuna dadu, karata, pesa za kuchezea. Unabandika plastiki yenye nyumba ya vizuka, na mraba mweupe unapita nyuma ya madirisha yake ukiyaangaza kutoka ndani. Unabandika plastiki ya mlima, na mraba uleule unakuwa mtu anayeteleza kwenye theluji kufuata njia iliyochapishwa. Mashine haikujua kama umetoka njiani. Aliyejua ni ndugu yako aliyekaa pembeni akikutazama, na ugomvi uliofuata ulikuwa sehemu ya mchezo.

Sasa hifadhi mchezo huo kwa njia ya kawaida, yaani kwa kunakili ishara inayotoka kwenye mashine. Utapata miraba mieupe juu ya weusi. Umehifadhi karibu si kitu. Picha yenyewe ilikuwa kwenye plastiki, na plastiki ilichanika, ilikunjamana, ilitupwa. Taasisi ya Smithsonian imehifadhi mfano wa awali wa Baer, lile sanduku la kahawia, na ni jambo jema; lakini anayetaka kujua familia ya mwaka 1972 iliona nini kwenye kioo chake anapaswa kuanza na plastiki zile, kisha aje kwenye nyaya.

Kubandika rangi juu ya kioo hakukuishia hapo. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, Japani, alitoa Space Invaders. Wavamizi 55, safu tano za kumi na mmoja mmoja, wanateremka. Sura zao alizichota kwa pweza, ngisi na kaa. Amesema kuwa kulenga sura za binadamu kulionekana kuwa jambo lisilofaa, na mimi nadhani uamuzi huo wa kimaadili umeathiri sura za michezo kuliko uamuzi wowote wa kisanaa wa muongo ule. Rangi zake zilikuwa vipande vya selofeni vilivyobandikwa juu ya kioo cha nyeusi na nyeupe. Mvamizi hakuwa na rangi yake: alipoingia eneo la kijani aligeuka kijani, kama mtu anavyobadilika akipita chini ya taa ya dukani.

Kwenye mashine za kusimama kulikuwa na zaidi. Kioo cha picha kililala chini, na mchezaji alitazama mwakisi wake kwenye kioo cha pili kilichopitisha nusu ya mwanga, nyuma yake kukiwa na mchoro wa Mwezi. Wavamizi walielea mbele ya mandhari iliyochorwa kwa mkono. Japani kwenyewe wengi walicheza kwenye meza, wameinama juu ya kioo, na mandhari ile hawakuiona kabisa. Programu moja, mwaka mmoja, picha mbili tofauti. Na ubavuni mwa sanduku la kusimama wamechorwa majitu yenye manyoya, wasiofanana hata kidogo na pweza na ngisi waliomo ndani. Nani basi alikuwa adui? Mtoto aliyengojea zamu yake kwa dakika nyingi huku ameegemea ubavu ule aliyafahamu majitu ya manyoya kuliko alivyowafahamu wale wa kwenye kioo.

Kuna na ile kasi. Kila mvamizi anapouawa, waliobaki wanaenda haraka zaidi, hadi wa mwisho anakimbia kama ana wazimu. Hofu ile maarufu ilianza kama hali ya mashine: wavamizi wakipungua, kazi ya kuwachora inapungua, na mzunguko unakamilika upesi. Nishikado aliona, akaiacha.

Nirudi Marekani, kwa sababu ya mtu ambaye jina lake lapaswa kujulikana kwetu. Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi, aliongoza utengenezaji wa Fairchild Channel F, mashine ya mwaka 1976 iliyokuwa ya kwanza kutumia katriji, vile visanduku vya kuchomeka, zenye programu ndani yake. Kabla ya hapo ulinunua mashine na michezo iliyofungwa humo milele. Baada yake, mchezo ukawa bidhaa ya peke yake, inayokaa rafuni, na bidhaa ya rafuni inahitaji boksi, na boksi linahitaji picha. Wanaoandika juu ya sanaa ya maboksi ya Atari mara nyingi wanaanzia kwa wachoraji. Mimi naanzia kwa Lawson.

Wachoraji wenyewe walikuwa hodari. Cliff Spohn ndiye aliyechora maboksi mengi ya mwanzo: mchoro wa rangi ambamo vifaru, ndege, nyuso na vumbi vimepandana, kila kimoja kikitokea ndani ya mwenzake. Ndani ya boksi hilo hilo kulikuwa na mchezo ambao kifaru chake ni vimiraba vichache. Kwa miaka mingi watu wameiita sanaa hiyo udanganyifu wa wauzaji. Sikubaliani nao. Mchezaji alisoma boksi na kijitabu cha maelezo kabla ya kuwasha mashine, na alipocheza aliendelea kuviona akilini. Vimiraba vilikuwa vikimwonyesha mahali na mwendo. Boksi lilimpa uso na hali ya hewa. Picha ilikamilika kwa vyote viwili.

Kwa nini vimiraba vilikuwa vichache hivyo? Atari VCS, iliyouzwa kuanzia 1977, ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128. Baiti 128 ni sawa na herufi 128: sentensi hii ninayowasomea sasa hivi, tukiiandika pamoja na nafasi zake na alama zake zote, haienei ndani ya kumbukumbu ile. Picha ya skrini nzima haingeweza kukaa humo, na kwa kweli haikukaa popote. Programu ililazimika kuiambia televisheni nini cha kuchora mstari kwa mstari, wakati uleule mshale wa elektroni unapita kwenye kioo, kwa mizunguko 76 tu ya prosesa kwa kila mstari. Chipu ya picha, TIA, ilijua vitu vitano vinavyosogea: wachezaji wawili, risasi mbili, mpira mmoja, pamoja nao mandhari ya vipande vinene ambayo nusu yake hurudiwa au hugeuzwa upande wa pili. Waliibuni kwa kufikiria tenisi na vita vya vifaru. Ndiyo maana vizuka wanne walipewa zamu.

Warren Robinett alitaka kutengeneza safari ya kasri, mazimwi na mapango kwenye mashine hiyo. Katika Adventure, iliyoingia sokoni mwaka 1980, shujaa ni mraba. Ni ule mpira wa TIA, hana mikono wala uso, kwa sababu wale wachezaji wawili wenye umbo walihitajiwa kwa mazimwi na vitu vya kuokota. Wanaoisoma picha hii kama uamuzi wa kisanaa wa kuachia nafasi ya mawazo wanaanzia mwisho. Kwanza tujue kilichokuwapo ghalani, ndipo tuseme msanii alikitumiaje. Na Robinett alikitumia vema sana. Atari haikuwa ikiandika majina ya watengenezaji kwenye bidhaa zake, basi akaficha chumba cha siri, na humo akaandika jina lake kwa herufi kubwa zinazobadilika rangi. Ili kukifikia unahitaji kuokota nukta moja yenye rangi ya kijivu ileile ya sakafu. Mwanahistoria wa sanaa anayetafuta sahihi ya mchoraji kwenye kona ya turubai ataelewa furaha yangu.

Na Carol Shaw? Katika River Raid ya Activision, mwaka 1982, mchezaji anaruka na ndege juu ya mto mrefu wenye visiwa na madaraja. Mto huo haumo kwenye katriji. Kilichomo ni kanuni inayozalisha namba, na kutokana na namba hizo kingo za mto zinajengwa unapopita, kila mara vilevile. Mwaka 1984 Ujerumani Magharibi iliuweka mchezo huo kwenye orodha ya vitu vyenye madhara kwa vijana. Nawaachia wanafunzi wa sheria walitafakari: dola ilizuia watoto kufikiwa na mandhari ambayo, kwa maana ya kuhifadhiwa, haikuwepo.

Nije sasa kwetu, na nitasema kwa ufupi. Maandishi mengi ya Marekani na Ulaya yanazungumzia miaka ya themanini kana kwamba dunia nzima iliketi zuliani mbele ya Atari. Mwaka 1982 Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu muongo uliotangulia, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Vilianza mwaka 1994. Kenya na Tanzania zilitumia mfumo wa PAL, mistari 625 na mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali michezo ya Japani na Marekani ilibuniwa kwa 60. Michezo mingi iliyogeuzwa kwa PAL bila uangalifu ilikwenda polepole zaidi, ikiwa imebanwa kati ya mikanda miusi juu na chini. Na wengi wetu hatukuanza sebuleni. Tulianza kwenye banda la gemu, kwa malipo, mbele ya televisheni ya chogo, na kundi la watu nyuma ya mabega. Hiyo nayo ni picha ya mchezo, na karibu hakuna aliyeiandika.

Kuhusu kinachobaki. Aprili 2014 wanaakiolojia walisimamia uchimbaji wa dampo la Alamogordo, New Mexico, ambako Atari ilizika bidhaa zake mwaka 1983. Watu wengi walijua hadithi hiyo kama hadithi ya mchezo mmoja wa Atari, E.T., peke yake. Walitoa katriji takriban 1,300 za michezo mingi tofauti, pamoja na maboksi na vijitabu. Nyingine zimeingia makumbusho. Watu walicheka kuona wasomi wenye koleo juu ya takataka za miaka 30. Mimi nilifurahi, kwa kuwa waliuchukua mchezo kama kitu chenye uzito, chenye boksi, chenye tarehe ya kuzikwa.

Upande wa programu hali si njema. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation pamoja na Software Preservation Network ulionyesha kuwa asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haipatikani tena sokoni. Maktaba na makumbusho wanayo mingi: The Strong kule Rochester, Chuo Kikuu cha Stanford, na nyinginezo. Software Preservation Network na wenzake waliomba taasisi kama hizo ziruhusiwe kuwafungulia watafiti walio mbali michezo isiyouzwa tena, kwa njia ya intaneti. Oktoba 2024 mamlaka za hakimiliki za Marekani zilikataa. Mtafiti aingie kwenye jengo. Kwa mtafiti wa Arusha au Kisumu hiyo maana yake ni viza, nauli na malazi, ili acheze kwa mchana mmoja mchezo ambao hakuna anayeuuza. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona mapendekezo mazuri ya wanafunzi yakifa hapo.

Yapo tunayoweza kuyafanya tukiwa hapa. Hati za hataza za Baer ziko wazi kwa yeyote, na michoro yake inasomeka. Spacewar! inachezeka kwenye kivinjari, hata kwa namna inayojaribu kuiga ule mkia wa P7. Lakini kuna ujuzi mmoja ambao makumbusho za nje zinauhangaikia, nao ni kioo chenyewe. Televisheni za chogo hazitengenezwi tena kwa wingi, wanaozijua ndani wanazeeka, na bila hizo hakuna atakayewaona vizuka wanne kama walivyoonekana. Sisi mafundi hao tunao. Wako Kariakoo, wako Mwanza, wako Mombasa. Wamefungua maelfu ya machogo, wanajua kwa macho tu kioo kilichochoka na kioo kilichobadilishwa, na wengine wao ndio waliotengeneza televisheni za mabanda ya gemu.

Muhula huu kikundi cha wanafunzi wangu kitakwenda kuwahoji, kwa kinasa sauti na kwa ruhusa yao. Hatutaanza kwa kuwauliza juu ya michezo. Tutaanza na kazi: rangi ipi hufa kwanza kwenye kioo, mtu akilalamika kuwa picha inapepesa walikuwa wakirekebisha nini, na wenye mabanda walikuwa wakiomba televisheni zao ziongezwe mwanga au zipunguzwe. Kama kuna mzee hapa aliyewahi kuifanya kazi hiyo, au aliyemiliki banda, namwomba asiondoke kabla hatujaonana.

Nashukuru. Tuingie kwenye maswali.